Mwanya wa Milimita Tatu

Siku ya ishirini na mbili tangu mkewe aondoke kwenda kumzika mama yake, Milimita alisikia honi ya lori barabarani, akajua roho yake imerudi. Asichokijua ni kama imerudi kukaa au imerudi kuchukua nguo.

Alikuwa chumba cha nyuma, anafuta kioo cha dirisha kwa gazeti kuukuu. Kioo kilikuwa kimetakata tangu asubuhi, lakini mikono ya mtu mwenye hofu haikosi kazi. Alifuta kona, akarudi katikati, akapuliza pumzi, akaifuta pumzi yake mwenyewe. Nje mlango wa gari ukabamizwa, na wa pili. Kisha akasikia viatu vidogo vikikimbia uani.

Milimita si jina alilopewa na wazazi. Alipewa na wateja, kwa sababu hapakuwa na fundi vioo mwingine wa kubishana na tajiri mzima kwa ajili ya milimita mbili. "Huyu hakupimii dirisha," walikuwa wakisema, "anakupimia suti." Alishatia vioo shule tatu, zahanati moja na maduka yasiyo na idadi. Nyumbani kwake, chumba hiki cha nyuma kilikuwa kimezibwa kwa plaiwudi mwaka wa sita sasa. Mfinyanzi hulia gaeni. Nyumba waliinunua haijaisha, kwa mkopo wa benki wa miaka kumi na mitano, na kila walipoikaribia bei ya kioo, tarehe ya rejesho iliwatangulia mlangoni.

Na chumba hiki kilikuwa na mwenyewe. Kiliitwa chumba cha bibi, tangu siku ile mama mkwe alipocheka kwenye simu na kusema, "Tieni kioo kwanza, ndipo nije. Mimi mtu mzima, silali kwenye sanduku kabla ya siku yangu."

Siku yake ilifika kabla ya kioo.

"Baba."

Binti yao wa miaka sita alikuwa amesimama mlangoni. Kwa maneno yake yasiyokwisha, walimwita Chiriku. Alikuwa ameshaanza kumkimbilia baba yake, mikono imefunguka, akasita ghafla kwenye kizingiti kama aliyekatazwa. Alitazama sakafu, akatazama dari.

"Baba, umewasha taa mchana?"

"Hapana, mama. Ni jua hilo."

"Lote?"

"Lote. Na halilipiwi."

Hapo ndipo mtoto akaja, akamkumbatia miguu. Milimita akainama, akaficha uso kwenye nywele zake. Zilinuka moshi na nyumba ya watu. Alipoinua kichwa, mlango ulikuwa umezibwa na kifua cha shemeji yake, dereva wa lori, mtu wa maneno machache na yote mazito. Nyuma ya bega lake alikuwa mke wa Milimita.

Alikuwa amekonda. Nywele alizokuwa amezikata miaka mitatu iliyopita ili kupunguza gharama ya msusi sasa zilikuwa zimefunikwa kitambaa cheusi. Macho yao yakakutana juu ya bega la kaka mtu. Milimita alingoja yatulie, kama zamani. Yakapita, yakaenda dirishani, yakabaki huko.

"Shemeji, karibu ukae," Milimita alisema.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kubeba."

"Kubeba nini?"

"Chochote atakachonyooshea kidole dada yangu. Akinyooshea ukuta, nitabeba ukuta."

"Kaka," mkewe alisema kwa sauti ya chini.

"Niache. Nimenyamaza kilomita mia nne." Dereva alimtazama Milimita kuanzia kandambili hadi kichwani. "Watu waliniuliza pale kaburini, mkwe yuko wapi. Nikawaambia anapima. Wakauliza anapima nini. Nikakosa la kusema."

"Nilikuwa na kazi ya madirisha ya shule. Nisingeimaliza, rejesho lisingepatikana."

"Nilituma nauli za watu watatu. Moja ikarudi."

Uso wa Milimita ukawaka. Hilo alikuwa amelijibu moyoni mara mia kwa siku ishirini na mbili, na kila mara alishinda. "Mimi silipiwi nauli na mwanamume mwenzangu."

"Mwanamume mwenzako alikuwa anazika mama yake," dereva alisema. "Sikuwa nakununua. Nilikuwa nakuita."

Mkewe aligusa mkono wa kaka yake. "Kaka, mchukue mtoto. Ningojeni kwenye gari."

"Nusu saa."

"Nusu saa inatosha."

Chiriku akavutwa taratibu, shingo imegeukia nyuma. "Baba, kwa mjomba kuna balbu kila chumba," alisema akiwa ameshafika uani. "Hata chooni. Nimewaambia ni hasara."

Hatua zikafifia. Wakabaki wawili, na jua likiwa wa tatu wao.

* * *

Miaka tisa nyuma, alipomwona mara ya kwanza, jua lilikuwa hivihivi. Aliitwa kubadilisha kioo chumba cha kufulia cha hospitali, na ndani yake, katikati ya mvuke na mashuka meupe, alikuwa msichana mmoja mpiga pasi, kidevu kimeegemea kiganja, anamtazama akifanya kazi.

"Fundi, umekosea," msichana alisema.

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. "Nimekosea wapi, bibiye?"

"Kioo hakijajaa fremu. Kuna mwanya pande zote. Au tepu yako imelala?"

Kijana aliweka kikatio chake cha almasi chini, akajibu kwa kiburi chote cha umri wa miaka ishirini na mitano. "Huo mwanya ndio ufundi wenyewe. Milimita tatu. Mbao hutanuka, hupungua, hupumua. Kioo hakijui kupumua. Ukikikata sawasawa na fremu, siku utakapokitia utapigiwa makofi. Halafu siku ya jua kali kitapasuka chenyewe, hajakigusa mtu."

"Kumbe kioo kinaonewa."

"Kinaonewa na wasiokijua."

Msichana alicheka, na kicheko hicho kilimfuata fundi mpaka karakana. Kesho yake alirudi na kipande cha kioo kilichobaki, ukubwa wa kiganja, kingo amezisugua zisimkate. Juu yake alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe, mwandiko wa kujifunza mwenyewe:

*Kioo nakipunguza, mbao isije kibana,*
*Na pendo nitalikuza, nafasi tukipeana.*

Waliooana kwa harusi kubwa wana picha. Hawa walikuwa na kipande cha kioo.

* * *

"Umekitia lini?" mkewe aliuliza.

"Jana asubuhi. Nilitaka ukirudi ukikute."

Alilisogelea dirisha. Upande wa pili ulionekana ua, kamba ya nguo, ukuta wa jirani uliotoka chokaa. Vitu vya kila siku, ila kwa miaka sita havijawahi kuonekana kutoka hapa. Aliweka kiganja juu ya kioo. Milimita akautazama mkono huo, wenye baka la pasi karibu na kidole gumba, na akatamani kioo kiwe shavu lake.

"Kizuri," alisema.

"Ni cha milimita tano. Kizito. Hata mvua ya mawe…"

"Kizuri, nimesema."

Milimita alikuwa amejiandaa kwa machozi na kwa matusi. Kwa sauti hii tulivu, ya mtu anayehesabu mashuka ya hospitali, hakuwa amejiandaa.

"Mama alisema kikitiwa kioo atakuja," alijitetea bila kuulizwa. "Nikaona, basi, angalau ahadi yake…"

"Pesa ulipata wapi?"

Aliokota gazeti, akalikunja.

"Mume wangu, nimekuuliza. Kioo cha milimita tano, dirisha zima. Mshahara wangu wa mwezi huu sijaupokea. Madirisha ya shule yameingia benki, najua, nimeona ujumbe kwenye simu. Pesa ulipata wapi?"

Macho ya Milimita yakaenda, bila ruhusa yake, kwenye rafu ya jikoni iliyoonekana kupitia mlango. Pale palikuwa na kopo la maziwa la tangu Chiriku akiwa mchanga. Ndani ya kopo hilo walikuwa wakiweka nauli ya kwenda kumwona mama. Lilianzishwa mwaka jana mama alipoanza kuumwa miguu. Kila mwezi liliwekwa kidogo, na kila mwezi uliokuwa mgumu likakopwa. Habari ya msiba ilipofika, kopo lilikuwa na theluthi mbili ya nauli ya watu watatu.

Mkewe aliyafuata macho yake. Hakwenda kulifungua. Aliketi polepole pembeni mwa kitanda kisicho na godoro.

"Nilidhani…" Milimita alianza. "Ilikuwa pesa ya mama. Nikasema iende kwenye kitu cha mama. Nisingeweza kuila, wala kuipeleka benki. Nikasema dirisha. Dirisha lake."

"Nikwambie kitu ambacho kaka hajakwambia?"

"Niambie."

"Tumetoka makaburini. Watu wamejaa ndani, baba amekaa kwenye kiti chake hajala tangu jana. Wanagawa chakula. Mwanao akakataa kuongezwa. Shangazi akamwuliza, mbona huli, mjukuu? Akasema, kisichozuia mvua kingoje."

Milimita alifumba macho. Hayo yalikuwa maneno yake. Ndiyo yaliyoendesha nyumba hii. Viatu vya shule vya pili: kisichozuia mvua kingoje. Sukari kwenye chai ya jioni: kisichozuia mvua kingoje. Mkewe alipotaka pazia, Milimita mwenyewe alipotaka jino bovu ling'olewe na daktari badala ya kulivumilia: kingoje. Walikata sabuni kwa uzi vipande vinne. Walikuwa na balbu moja, wakiihamisha chumba hadi chumba kama mgonjwa. Mpiga pasi wa hospitali alikwenda kazini na gauni lenye makunyanzi, kwa sababu pasi hunywa umeme. Na walikuwa wakicheka. Hilo ndilo lililomuuma. Miaka ya kwanza walikuwa wakicheka sana.

"Watu wakacheka kidogo," mkewe aliendelea. "Mtoto, maneno yake. Halafu akanigeukia, mbele ya baba, mbele ya wote, akaniuliza. 'Mama, sasa kwa vile bibi amekufa, nauli yake inarudi kwenye nyumba?'"

Nje kuku wa jirani alilia, akanyamaza.

"Hakuna aliyecheka tena," alisema. "Baba aliinuka akatoka nje. Mimi nikamwambia mtoto, hapana. Hairudi. Nikamwapia. Nikamwambia pesa ya bibi ni ya bibi. Na huku baba yake…" Alikunja kitambaa kilichoanguka mabegani mwake, akakikunja tena, kona kwa kona, kama shuka la hospitali.

"Sikujua," Milimita alinong'ona.

"Ungejuaje? Hukuwepo."

Alipiga magoti mbele yake. Sakafu ilikuwa ya saruji isiyolainishwa, ikamuuma, akashukuru kwamba inamuuma. Alitaka kusema nisamehe. Neno lilifika kwenye meno likakuta kiburi kimeketi mlangoni. Badala yake akasema jambo kubwa zaidi, kama wafanyavyo watu wasioweza kusema dogo.

"Naiuza."

"Unauza nini?"

"Nyumba. Kesho naenda benki. Waichukue, tuwalipe chao, tupange chumba kimoja, tuishi. Sitaki tena. Nyumba iliyokunyima mama yako siitaki."

Kwa mara ya kwanza mkewe alimtazama machoni, na humo Milimita alimokuwa akitafuta hasira akakuta uchovu tu.

"Ukiiuza," alisema, "mama amekufa bure."

"Sasa unataka nini? Niambie nifanye nini. Kukaa nayo siwezi, kuiuza siwezi. Wewe unataka nini?"

"Usinipandishie sauti."

"Sipandishi sauti."

"Unapandisha. Kila ukishindwa, unapanda." Alimgusa bega, si kwa mapenzi, ila kumshusha. "Na usijibebeshe yote peke yako, hata hilo ni kiburi. Wewe ulisema kingoje. Nani aliyeandika? Lete daftari."

Hakuhitaji kulileta. Wote wawili walilijua kwa moyo. Daftari la matumizi, jalada la kijani, mwandiko wake yeye mkewe, duara na safi. Benki mstari wa kwanza. Maji, umeme, ada, unga, mafuta, sabuni. Na chini kabisa, tangu mwaka jana: *Nauli ya mama*. Mbele yake, badala ya tarehe ya safari, maneno mawili yaliyoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa. *Mwezi ujao.* *Mwezi ujao.* *Mwezi ujao.*

"Mara ya mwisho nilizungumza naye dakika mbili," alisema, "salio likawa linaisha. Akasema, 'Kata mwanangu, usimalize pesa ya nyumba.' Nikakata. Sikubishana naye. Nilikata, na nikajiona hodari."

Hapo ndipo machozi yakaja. Hayakuja kwa kwikwi. Yalitiririka tu, na yeye akayaacha. Milimita alinyoosha mkono kumfuta, akamwona anarudi nyuma kidogo, upana wa vidole viwili. Mkono ukabaki hewani, haujui pa kwenda.

Mkewe aliinuka, akamgeuzia mgongo, akaenda dirishani kuuficha uso. Jua la alasiri lilikuwa limekilalia kioo chote. Alisimama hapo muda mrefu. Kisha mabega yake yakatulia kwa namna nyingine, kama mtu aliyeona kitu.

"Njoo," alisema.

"Nini?"

"Njoo uone."

Milimita alisimama. Kidole cha mkewe kilikuwa kona ya chini, upande wa kushoto. Kutoka hapo ulipanda mstari mwembamba kama unywele, ukakata kioo mshazari, ukapotea karibu na katikati.

"Hapana," Milimita alisema.

"Kimepasuka."

"Hapana, ni… labda ni gazeti, ni uchafu." Alipitisha kucha. Kucha ikakwama. Alipitisha tena. Aliinama akatazama ukingo ambapo kioo kinakutana na mbao, alipotazama mara elfu kwenye madirisha ya watu, na hakuona mwanya. Upande wa chini haukuwa na mwanya, wala wa juu. Kioo kilikuwa kimejaa fremu barabara, kama alivyokishindilia jana asubuhi na mapema, kukiwa na baridi, kwa viganja vyote viwili, akitaka pasibaki hata upenyo wa kupitisha lawama.

Yeye, Milimita. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

"Hukuacha nafasi," mkewe alisema.

"Sijui ilikuwaje. Nilipima."

"Ulipima. Wewe hukosei kupima." Alikuwa bado anatazama ule mstari. "Hukuacha nafasi tu. Siyo kwenye kioo peke yake. Yale mahesabu yetu, kila mwezi yalikuwa yanajaa mpaka ukingoni. Tukawa tunajisifu. Hata senti haikubaki ya mtu kuugua, wala ya mtu kumkumbuka mama yake. Wewe ndiye uliyenifundisha, pale hospitalini, mbele ya mashuka. Na mimi mwanafunzi wako nikaona, nikanyamaza."

Honi ikalia barabarani, fupi, bila hasira.

* * *

Alikusanya nguo zake katika dakika kumi. Hazikuwa nyingi, miaka sita ya kubana ina faida hiyo, mtu huhama upesi. Milimita alisimama mlangoni mwa chumba chao akimtazama akikunja. Kila nguo aliyoikunja ilikuwa na siku yake. Gauni la bluu alilolitazama nusu saa kwenye duka la mitumba akalirudisha, Milimita akarudi kesho yake kulinunua kwa siri, akagombezwa wiki nzima. Sweta lenye kiwiko kilichotiwa kiraka. Alitamani kuzizuia zote kwa mikono.

"Unaniacha," alisema.

"Sikuachi."

"Unakwenda na nguo zote."

"Baba yuko peke yake. Nimeomba likizo bila malipo, na hospitali ya kule wanataka mpiga pasi. Sehemu yangu ya rejesho nitatuma, usiwe na wasiwasi wa benki."

"Sijauliza benki."

"Najua." Alilaza nguo nyingine ndani ya begi. "Sikuachi. Ila humu siwezi kulala. Nikifumba macho nasikia chumba kile."

"Mpaka lini?"

"Sijui."

"Mwezi? Miwili?"

"Hilo usinipimie," alisema kwa upole. "Tafadhali. Moja hilo tu, usinipimie."

Alifungua droo ya chini. Akatoa kitu kilichozungushiwa leso, kidogo, ukubwa wa kiganja. Milimita alikijua kabla hakijafunguliwa. Mkewe alisimama nacho, kama anayepima uzito wake; alitazama kitanda, akatazama begi. Kisha akakisukuma katikati ya nguo laini kabisa, akafunika na sweta, akafunga zipu.

Milimita alishika ukingo wa mlango, akashukuru kwamba una ukingo.

Wakatoka. Dereva alilipokea begi, akalipandisha garini. Chiriku alikuwa ameketi dirishani mwa lori, juu kama jaji.

"Baba, wewe huji?"

"Nitakuja."

"Lini?"

Alitazama uso wa mkewe, na neno lililozoea kinywa chake kwa miaka sita likaja lenyewe mpaka kwenye ulimi. Mwezi ujao. Alilimeza. Lilikuwa chungu kupita dawa.

"Nitakuja," alisema tena.

"Usisahau kuihamisha balbu," mtoto alimwambia. "Ukilala usiiache."

Mkewe alipanda, mguu mmoja, kisha wa pili. Kabla ya kufunga mlango aliinama kidogo. "Ukija," alisema, "usije na kitu. Usije na kiwanja wala dirisha. Njoo tu."

Lori likaondoka. Milimita alisimama barabarani mpaka vumbi likatua juu ya kandambili zake, na hata baada ya hapo.

* * *

Asubuhi yake alitoa vile vibao vyembamba vinavyoshika kioo, kimoja baada ya kingine, na kukiteremsha kioo kilichopasuka. Hakukivunja. Alikibeba begani, kimefungwa blanketi, kwa mguu, mwendo wa saa nzima mpaka karakana. Huko akakilaza mezani. Pale ufa ulipopita akapitisha almasi kandokando, akautoa kama daktari atoavyo mwiba. Kilichobaki akakigawa vipande vya fremu za picha, vidogo kwa vikubwa. Kila kipande alikikata pungufu ya fremu, milimita tatu.

Mwuza fremu wa jirani na duka la kupigia picha alivitazama kwa mashaka. "Kioo cha milimita tano kwenye picha ya harusi? Milimita, unataka maharusi waliolindwa na risasi?"

"Unanunua, hununui?"

"Nanunua. Mbona uso hivyo? Umefiwa?"

"Ndiyo," Milimita alisema, na ikawa mara ya kwanza kulitamka. "Mama yangu mkwe. Nilichelewa kwenda."

Mwuza fremu aliacha utani. Alihesabu pesa, akafikiri, akaongeza noti moja juu. Damu ikampanda Milimita usoni. Ulimi ukajikunja kusema silipiwi. Akaushika. Aliipokea noti kwa mikono miwili.

"Asante, ndugu yangu."

Nyumbani alifungua daftari la kijani ukurasa mpya. Juu kabisa, juu ya mstari ambao kwa miaka sita ulikuwa wa benki, aliandika kwa mwandiko wake mbaya: *Nauli*. Mbele yake aliandika kiasi chote, hakuacha kwa ajili ya mwezi ujao. Pesa ya rejesho, iliyokuwa benki ikingoja siku tisa zilizobaki, hakuigusa. Nyumba ile ilikuwa imelipiwa kwa bei ambayo hakuna mnunuzi angeirudisha. Kisha akachomoa balbu, akaiweka mezani, akafunga mlango. Dirisha la chumba cha nyuma aliliacha wazi, bila kioo, bila plaiwudi, upepo ukiingia na kutoka.

Kituoni mwanamke aliyekatisha tiketi alikuwa nyuma ya dirisha dogo la kioo. Milimita alitazama kingo kwa mazoea. Mwanya ulikuwepo, pande zote nne. Alikitia yeye, zamani, kabla ya mkopo.

"Wapi, kaka?"

Akataja.

"Kwenda tu, au kwenda na kurudi?"

Alifungua kiganja. Pesa ya kioo ilitosha ya kwenda, na chenji ya maji ya kunywa. Kichwa chake, kwa tabia, kikaanza kupiga hesabu: siku za kazi, kazi zilizoahidiwa, tarehe ya benki, nauli ya kurudi itakayotoka wapi. Akakiacha kihesabu peke yake.

"Kwenda," alisema.